Maiti kwenye buti, klachi imekufa: jinsi Little Miss Sunshine inavyochekesha

Ukimweleza mtu ambaye hajaiona Little Miss Sunshine kilichomo ndani yake, hatakuamini ukimwambia ni filamu ya kuchekesha. Mjomba ametoka hospitalini na bandeji mikononi baada ya kujaribu kujiua. Babu ananusa heroini bafuni. Kaka ameapa kutotamka neno. Baba anauza mbinu za mafanikio, na yeye mwenyewe mafanikio hajayaona. Mama anavuta sigara huku akimwambia mtu kwenye simu kwamba havuti. Binti wa miaka saba anapelekwa kwenye shindano la urembo ambalo yeyote mwenye macho anajua hatashinda. Njiani mmoja wao anafariki, na waliobaki wanaitorosha maiti yake hospitalini kwa kuipitisha dirishani.

Na bado watu wanacheka. Filamu hii ya Kimarekani ya mwaka 2006 ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 8, ikaingiza karibu dola milioni 100 duniani, ikateuliwa kuwania Oscar nne na kuondoka na mbili. Waliowahi kuitazama huwa wanaishia kusema kwamba ni filamu nzuri ya familia, inagusa moyo. Sawa, lakini hilo halitufafanulii kitu. Filamu zinazogusa moyo ziko tele, na nyingi hazichekeshi hata kidogo. Hapa kuna ufundi, na ufundi huo unaweza kufunguliwa na kutazamwa kipande kwa kipande. Nitaisimulia mpaka mwisho, kwa hiyo kama hujaiona na hupendi kuharibiwa uhondo, itafute kwanza. Ina umri wa kutosha sasa, sioni haja ya kuitunzia siri.

Anza na swali ambalo watunzi wengi wa filamu za safari hulipita haraka: kwa nini hawa watu wako kwenye gari moja?

Familia ya Hoover inaishi Albuquerque, jimbo la New Mexico. Shindano la Little Miss Sunshine liko Redondo Beach, California, mwendo wa kilomita 1,300 hivi. Olive, yule binti (Abigail Breslin), alikuwa mshindi wa pili katika shindano la mkoa. Simu inaingia kwamba mshindi wa kwanza ameondolewa kwa sababu ya vidonge vya kupunguza unene, kwa hiyo nafasi ni ya Olive. Nyumba nzima inalipuka, na hapo hapo hesabu zinaanza. Ndege haiwezekani, pesa hakuna. Ipo kombi kuukuu ya Volkswagen, ya njano, lakini mama, Sheryl (Toni Collette), hawezi kuendesha gari la gia za mkono, kwa hiyo baba, Richard (Greg Kinnear), lazima aende. Mjomba Frank (Steve Carell) hawezi kuachwa peke yake, daktari amekataza. Babu Edwin (Alan Arkin) ndiye aliyemfundisha Olive kucheza, naye haachi kwenda. Anabaki Dwayne (Paul Dano), kijana wa miaka kumi na mitano anayeichukia familia yake kwa moyo wote. Mama yake anamnunua: akikubali kwenda, atamruhusu asomee urubani. Dwayne anakubali kwa maandishi kwenye kijidaftari chake, akiongeza kwamba hatafurahia. Mjomba anamjibu kwamba katika hilo wote wako pamoja naye.

Majadiliano haya yanafanyika mezani, juu ya kuku wa kukaanga wa kununuliwa na sahani za karatasi, na yanachukua dakika chache tu. Mtazamaji anacheka bila kugundua kwamba milango imekuwa ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Yanapokwisha, hakuna hata mmoja kati ya sita anayeweza kubaki nyumbani, na hakuna anayeweza kushuka njiani. Kichekesho cha familia kinahitaji hilo kuliko utani wowote. Mkiwa nyumbani, mtu akikasirika anaingia chumbani na kubamiza mlango. Dwayne ndivyo anavyoishi. Kwenye kombi hakuna chumba cha kuingia.

Kombi yenyewe ilichaguliwa kwa akili. Gari hili halina boneti. Injini iko nyuma, kioo cha mbele ni kikubwa na kimesimama, na viti vimepangwa safu tatu vikitazama mbele. Kamera ikiwekwa mbele ya kioo inazipata nyuso zote sita kwa pamoja: mmoja anaongea, mwingine anazungusha macho, wa tatu anaangalia nje akitamani kufa. Kwenye gari dogo ungelazimika kuruka kutoka uso mmoja hadi mwingine, na kicheko kingi cha filamu hii kinatoka kwa yule asiyeongea. Tazama Frank wakati Richard anapohubiri kuhusu ushindi. Hasemi kitu, ameketi tu nyuma akiwa na ndevu zake, na unacheka.

Halafu klachi inakufa.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye injini ya filamu, kwa maana zote. Kazi ya klachi ni kutenganisha injini na giaboksi. Injini inazunguka muda wote. Magurudumu ya gari lililosimama hayazunguki. Unapotaka kuondoka, unakanyaga klachi, unaweka gia ya kwanza, kisha unaiachia taratibu ili injini iyashike magurudumu kidogo kidogo. Klachi ikifa, ukiingiza gia gari likiwa limesimama, ama gia inagoma na kusaga, ama injini inazimika. Lakini gari likiwa tayari linakwenda, na mzunguko wa injini ukakaribiana na mwendo wa magurudumu, gia inaingia yenyewe. Fundi wanayemkuta njiani anawaambia kwamba kifaa hakipo, kitaagizwa, na ni wikendi. Ila kwa magari haya ya zamani klachi inahitajika kwa gia ya kwanza na ya pili tu. Lisukumeni mpaka lifike maili 15 au 20 kwa saa, yaani kilomita 25 hadi 30, chomekeni gia ya tatu, kisha mbadilishane kati ya tatu na nne. Fundi yeyote wa gereji ya chini ya mwembe angewapa ushauri huo huo.

Sasa angalia ushauri huo unafanya nini kwa watu wasioongea. Ili gari liondoke, wote lazima washuke. Wote lazima waweke mabega kwenye bati moja. Dereva akishapata gia hawezi kusimama kuwasubiri, kwa hiyo kila mmoja anakimbia kandokando na kurukia mlango ulio wazi, na aliyekwisha kuingia anamshika mkono aliye nyuma na kumvuta ndani. Mkono kwa mkono, tena kwa haraka, bila nafasi ya kununa. Dwayne, ambaye hajamgusa mtu tangu filamu ianze, anamvuta mjomba wake. Frank, ambaye siku chache zilizopita hakutaka kuendelea kuishi, anakimbia kama mtoto na kuingia akihema. Hakuna aliyewaambia wapendane. Gari halitaki kuondoka, basi.

Mtunzi mwingine angeandika mazungumzo hapo. Angeweka machozi, samahani, na muziki wa piano. Michael Arndt, aliyeandika mswada huu, aliweka klachi mbovu, na kila mara kombi inaposimama familia inalazimika kuwa familia kwa nusu dakika. Wanarudia hivyo mara kadhaa, na kila safari kinabadilika kitu kidogo: nani anayekimbia, nani hayupo tena. Wanapomsahau Olive kwenye kituo cha mafuta (ndiyo, wanamsahau mtoto ambaye safari nzima ni yake), hawawezi kurudi na kusimama kwa adabu. Wanapita taratibu, mlango uko wazi, mtoto anakimbizana nao na kunyakuliwa ndani. Kisa ni cha kutisha ukikifikiria. Kwenye skrini ni kichekesho kwa sababu ya sheria moja ya kifundi ambayo tumeshaizoea.

Baadaye honi inakwama na kulia ovyo yenyewe, na mlango unang'oka. Arndt haharibu kitu bila kukitumia. Honi ndiyo inayomvuta polisi. Richard, jasho likimtoka, anamwambia polisi asifungue buti, na hapo bila shaka polisi anafungua. Buti lina maiti ya babu iliyofunikwa shuka. Kinachowaokoa ni magazeti ya picha za utupu ambayo babu, enzi za uhai wake, alimtuma Frank akamnunulie kwenye kile kituo cha mafuta. Yanaanguka, polisi anayaona, anadhani ndiyo siri iliyokuwa ikimtoa Richard jasho, anaangua kicheko na kuwaachia. Mzee aliyekwisha kufa anaiokoa familia yake kwa tabia ile ile iliyokuwa ikiwaudhi alipokuwa hai. Ukiwa unajifunza kuandika hadithi, rudia kipande hicho na uhesabu vitu vilivyopandwa mapema vikaja kuvunwa hapo.

Msiba unapoingia kwenye kichekesho

Kifo cha babu ndicho kipande kinachowachanganya watu. Usiku kwenye hoteli ya barabarani anamlaza Olive kwa maneno ya upole kuliko yote aliyowahi kuyasema kwenye filamu. Asubuhi haamki. Ni zile dawa. Familia inakaa kwenye chumba cha kusubiria hospitalini, na mfanyakazi anakuja na fomu. Hawaruhusiwi kumwacha marehemu na kuondoka, na kuvuka mpaka wa jimbo na maiti kunahitaji kibali. Usajili wa shindano unafungwa saa tisa alasiri.

Yeyote aliyewahi kusafirisha marehemu kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba, au Nairobi hadi Kisumu, anaijua hali hiyo: huzuni inawekwa pembeni kwanza, mtu anashika karatasi, anauliza mhuri unagongwa dirisha gani. Filamu inacheka hapo, kwenye fomu. Haimcheki marehemu. Mfanyakazi yule anaongea kwa lugha ya ofisi isiyo na kosa na isiyo na chembe ya utu, na kwa mara ya kwanza tunamwona Richard akikataa kufuata utaratibu. Anaamua kumchukua baba yake. Wanamfunga kwenye shuka, wanamtoa dirishani, wanamweka buti la nyuma, ambalo kwenye kombi lipo juu ya injini, na safari inaendelea.

Kwa msomaji wa huku kwetu, wazo la kucheka msibani halipaswi kuwa geni sana. Watani wapo kwa kazi hiyo. Mtani anaweza kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa, kuzuia jeneza mpaka apewe chochote, hata kushuka kaburini na kugoma kutoka, na hakuna anayesema amekosa heshima. Anapewa ruhusa hiyo kwa sababu yuko karibu na mbali kwa wakati mmoja. Babu Edwin alikuwa mtani wa familia yake mwenyewe: mtukanaji, mkweli, asiyeogopa mtu. Kwa hiyo hata kama maiti kwenye buti inachekesha, haimdhalilishi. Ni utani ambao yeye mwenyewe angeucheka kwa sauti kuliko wote.

Tofauti inaonekana ukiilinganisha na National Lampoon's Vacation ya 1983, filamu ya Harold Ramis iliyoandikwa na John Hughes, ambayo ndiyo baba wa filamu nyingi za familia safarini. Nako kuna gari, kuna baba king'ang'anizi (Chevy Chase), kuna safari ya kwenda California, na kuna shangazi Edna anayefia njiani. Wanamfunga juu ya gari na kwenda kumwacha nyumbani kwa mwanawe kwenye mvua. Inachekesha, sikatai, lakini ni kicheko cha kuutua mzigo: shangazi alikuwa kero, sasa ni kero iliyokufa. Kwenye Little Miss Sunshine wanafanya kinyume, wanavunja sheria ili wasimwache. Tukio linakaribiana sana, lakini upande mmoja unacheka na familia ukiwa nje, upande mwingine unacheka ukiwa umekaa nao kwenye kiti cha nyuma. Kuna tofauti ya pili pia. Kwenye Vacation wanafika na kukuta bustani ya burudani waliyoiota imefungwa. Hapa wanafika na kukuta ukumbi uko wazi, taa zinawaka, na walichokifuata ndicho kilichooza.

Washindi na wale wengine

Richard ana mpango wake wa hatua tisa za kuwa mshindi. Filamu inamwonyesha mapema akiufundisha kwa hamasa yote, kisha kamera inageuka na tunaona wasikilizaji ni wachache kwenye darasa tupu, wanapiga makofi kwa kumwonea huruma. Kwake dunia ina watu wa aina mbili, walioshinda na walioshindwa, na wa pili hawapaswi hata kukaa meza moja na wa kwanza. Wahamasishaji wa namna hii tunao hapa pia, na mabango yao tunayaona, kwa hiyo sitamweleza sana. Arndt amesema alichochewa na maneno ya Arnold Schwarzenegger aliyewaambia wanafunzi kwamba hakuna anachokidharau kama watu walioshindwa. Aliona kuna kitu kibaya katika kuwaambia watoto hivyo, akaandika filamu nzima kumjibu.

Jibu hilo halitolewi kwa hotuba, au angalau si mara nyingi. Linaanzia kwenye aiskrimu. Wakiwa kwenye mgahawa asubuhi Olive anaagiza kitafunio kinachokuja na aiskrimu. Baba yake anaanza kumweleza, kwa sauti tulivu ya mwalimu, kwamba aiskrimu ina mafuta, mafuta yanakaa mwilini, na warembo wa Marekani si wanene. Hamkatazi. Anamwachia tu mtoto wa miaka saba wazo litakaloweza kumsumbua miaka hamsini. Olive anaisukuma bakuli pembeni. Ndipo babu, mjomba na kaka asiyeongea wanapoanza kuila wakijilamba na kuisifu kwa ishara, mpaka mtoto anashindwa kuvumilia na kuirudisha kwake. Baadaye, huko kwenye shindano, Olive anakutana na Miss California na swali analomuuliza ni moja tu: anakula aiskrimu? Anakula, tena anaipenda. Uso wa Olive hapo unamaliza hoja, na hakuna aliyehitaji kumwambia baba yake kwamba alikosea.

Usiku ule kabla ya babu kufa, Olive anamwambia kwamba anaogopa kushindwa kwa sababu baba anawachukia walioshindwa. Babu anamjibu kwamba aliyeshindwa kweli ni yule anayeogopa kushindwa kiasi kwamba hajaribu. Ni maneno ambayo ungeyakuta kwenye kalenda ya ukutani, na yangekuwa matamu mno kama yasingetoka kinywani mwa mzee aliyefukuzwa kwenye nyumba ya wazee kwa ajili ya heroini. Arndt anafanya hivyo mara kwa mara: busara anampa mtu ambaye hafai kuitoa.

Wakati huo huo kila mtu kwenye kombi anapoteza alichokuwa akikitegemea. Mkataba wa kitabu cha Richard unakufa. Frank, anayejiita msomi namba moja wa Marcel Proust, mwandishi wa Kifaransa, nchini Marekani, anakutana uso kwa uso na yule kijana aliyemvunja moyo, na anakutana naye akiwa ameshika magazeti ya babu, jambo ambalo ni la kikatili na la kuchekesha kwa kipimo sawa. Dwayne anagundua, kwa mchezo wa kupima macho anaocheza na mdogo wake ndani ya gari, kwamba haoni baadhi ya rangi. Asiyeona rangi harushi ndege za kivita. Kombi inasimamishwa, anatoka mbio mpaka bondeni, na neno lake la kwanza kwenye filamu nzima ni tusi, kwa sauti ya kupasua koo. Mama yake anajaribu kumsemesha, inashindikana. Olive anashuka mteremko na viatu vyake vya rangi, anachuchumaa kando yake, anaegemeza kichwa begani kwake. Hasemi kitu. Dwayne anainuka na kurudi kwenye gari, na kwa kuwa mteremko una vumbi anambeba mdogo wake kumpandisha.

Kipande kilicholeta ubishi

Ukumbi wa shindano umejaa watoto wa kike wa miaka sita na saba waliopakwa rangi, kupigwa nywele dawa, kuvalishwa nguo za kuogelea na kufundishwa kukonyeza majaji. Wale si waigizaji waliovishwa hivyo kwa ajili ya dhihaka. Watengenezaji waliwachukua wasichana waliokuwa wakishiriki mashindano ya aina hiyo kweli. Breslin ndiye aliyevishwa nguo yenye sponji ndani ili aonekane mnene kuliko alivyo. Olive anaingia na miwani yake mikubwa, tumbo lake, na nguo ya kuogelea ya kawaida. Baba na kaka wanatazama na kuelewa kwamba mtoto wao atachekwa. Wanataka kumzuia asipande. Mama anasema mwacheni Olive awe Olive.

Anapanda, anasema anautoa mchezo wake kwa babu aliyemfundisha. Mshereheshaji anauliza babu yuko wapi. Olive anajibu ukweli, kwamba yuko kwenye buti la gari letu. Muziki unaanza, Super Freak ya Rick James ya mwaka 1981, na mtoto anacheza kila kitu alichofundishwa na mzee aliyekuwa na mawazo machafu: anavua suruali ya juu na kuirusha, anatambaa, ananguruma.

Wapo wanaosema hapo filamu ilivuka mpaka, na hoja yao haipaswi kudharauliwa. Ni mtoto, na miondoko ni ya klabu. Lakini angalia nani anayekasirika ukumbini. Ni wale wale waliotoka kuwapigia makofi watoto waliokuwa wakikonyeza majaji kwa mashavu ya rangi. Olive hajui maana ya anachokifanya. Anaruka, anafurahi, hatafuti kutazamwa kwa namna yoyote. Wale wengine wamefundishwa kutazamwa. Mchezo wake umeanika kile ambacho ukumbi mzima ulikuwa ukikifanya kwa heshima, na mwenye shindano hawezi kuvumilia kukiona wazi. Anamwamuru Richard akamtoe binti yake. Richard anapanda jukwaani, anasimama, na badala ya kumtoa anaanza kucheza, vibaya kabisa. Frank anafuata, kisha Dwayne, kisha Sheryl. Wanasukuma tena, safari hii bila gari.

Ofisini polisi wanawaachia kwa sharti moja: Olive asishiriki tena shindano la urembo katika jimbo la California. Frank anasema wanadhani wataweza kuishi na hilo.

Sipendi kila kitu humu. Kabla ya shindano, Frank na Dwayne wanasimama kwenye gati juu ya bahari na mjomba anaeleza habari za Proust: hakuwahi kuwa na kazi ya maana, alipenda asikopendwa, alitumia miaka mingi kuandika kitabu ambacho wengi hawakisomi, na mwishoni akaona kwamba miaka aliyoteseka ndiyo iliyomjenga. Dwayne anajibu kwamba maisha yenyewe ni shindano la urembo moja baada ya jingine, shule, chuo, kazi. Mazungumzo mazuri, yameigizwa vizuri, lakini hapo filamu inajieleza yenyewe, kana kwamba haikuwa na uhakika kwamba tumeelewa. Tulikuwa tumeelewa tangu kwenye aiskrimu.

Jinsi ilivyopatikana nayo inafaa kutajwa, kwa kifupi. Arndt alikuwa msaidizi wa mwigizaji Matthew Broderick. Aliacha kazi hiyo ili aandike, na rasimu ya kwanza aliimaliza kwa siku chache mwaka 2000, kisha akairekebisha tena na tena. Waongozaji ni mke na mume, Valerie Faris na Jonathan Dayton, waliokuwa wakitengeneza video za muziki na matangazo. Hii ilikuwa filamu yao ndefu ya kwanza ya kubuni. Studio iliyoichukua mwanzo ilijitoa, na mtayarishaji Marc Turtletaub akaingia mfukoni mwake mwenyewe. Walipiga picha kwa siku 30 katikati ya 2005, huko Arizona na kusini mwa California. Januari 2006 ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance, na kampuni ya Fox Searchlight ikainunua kwa dola milioni 10.5, bei ambayo wakati huo tamasha hilo halikuwa limewahi kuiona kwa filamu moja. Oscar zake mbili zilikwenda kwa Arndt kwa mswada na kwa Arkin kwa mwigizaji msaidizi wa kiume, kwa babu ambaye haishi hata kufika California.

Na Sheryl? Kila mtu kwenye kombi amepewa ndoto, akaipoteza mbele yetu, akapata nafasi ya kupiga kelele. Yeye anagawa kuku, anabembeleza, anaamua ugomvi, ananyoosha mkono kuwavuta wengine ndani. Alichokuwa akikitaka kwa ajili yake mwenyewe, kabla ya mume mwenye hatua tisa na kaka mwenye bandeji, hatuambiwi, wala hakuna anayemuuliza. Collette aliteuliwa kuwania Golden Globe kwa nafasi hii, na alistahili, kwa sababu sehemu kubwa ya mwanamke huyo aliijenga mwenyewe kwa uso na mabega, mahali ambapo mswada haukumpa maneno. Filamu inayojali walioachwa nyuma ilimwacha huyu kwenye kiti chake, akitafuta kiberiti.